Vina na Mizani ya Pamba: Nani Humfunza Mtoto Kusoma?

Miaka kadhaa iliyopita, barazani Mjini Unguja, baada ya sala ya magharibi, mshairi mwenzangu wa huko aliniuliza swali kwa upole, ingawa ndani yake mlikuwa na mwiba. "Bwana we," alisema, "sisi vina tumevikuta nyumbani. Bibi anasoma utenzi, mama anaitikia, mtoto analala na mizani masikioni. Wewe uliyezaliwa kwenye ng'ombe na pamba, bara kabisa huko Kahama, vina umevipata wapi?" Waliokuwapo walicheka, nami nikacheka nao, nikainamia kikombe changu cha kahawa. Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu lenyewe, na naomba radhi kwamba limechelewa.

Swali lile si la rafiki yangu peke yake. Uhakiki wetu wa fasihi, na hata mijadala yetu ya elimu, umejengwa juu ya dhana moja ambayo ni nadra kuichunguza: kwamba kusoma hushuka kama maji, kutoka kwa aliyekwishasoma kwenda kwa asiyesoma, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kwamba nyumba isiyo na kitabu haina cha kushusha. Mfano bora wa dhana hiyo ni Utendi wa Mwana Kupona. Mwaka 1858, mwanamke wa Pate aliyekuwa mgonjwa alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa wasia. Wahakiki wamebishana kwa miongo mingi kuhusu yale aliyomwusia: utii kwa mume, adabu, uchaji. Wengine wameuona kuwa ni kifungo cha mwanamke, wengine wakausoma kinyume na kuukuta umejaa hila za kike za kujihifadhi. Sitaki kuingia katika ubishi huo. Ninalotaka kulionyesha ni jambo dogo lililo mwanzoni kabisa, ambalo wasomaji wa pwani hulipita kwa sababu kwao ni la kawaida. Kabla ya wasia wowote, mama anamwagiza binti alete wino na karatasi.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa macho ya mtu wa bara. Katika nyumba ile wino upo. Karatasi ipo. Binti anajua vilipo, tena anajua kuandika, au walau anatarajiwa kujua. Mama hahitaji kutuma mtu kwa karani, kwa padri au kwa mwalimu wa chuo. Utenzi mzima umesimama juu ya samani hiyo ya nyumbani. Shaaban Robert naye, karibu karne moja baadaye, alipomtungia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati, alifuata njia ileile: mzazi ana kalamu, mtoto anapokea. Jina lenyewe la utenzi ni karatasi iliyoandikwa. Msomaji wa visiwani anaposoma kazi hizi huona maadili. Mimi huona kwanza kidau cha wino, nikaona wivu.

Kwetu maji yalipanda mlima.

Mwaka 1968 Serikali ya Tanzania, kwa ushirikiano na UNESCO, ilianzisha katika mikoa ya Ziwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa. Makao yake yalikuwa Mwanza, na mkoa wa Shinyanga, ambao Kahama ni sehemu yake, ulikuwa ndani ya mradi huo uliodumu hadi 1972. Nia yake haikuwa kumfundisha mtu mzima kusoma kwa ajili ya kusoma tu. Alifundishwa kusoma kupitia kazi yake: mkulima wa pamba kwa kitabu cha pamba, mkulima wa migomba kwa kitabu cha migomba, mvuvi kwa uvuvi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada ya hapo madarasa yakaenea nchi nzima. Watu waliyaita ngumbaru, kwa utani usiokosa upendo. Sensa ya 1967 ilikuta karibu watu wazima saba katika kila kumi hawajui kusoma. Katika mtihani wa taifa wa 1975 waliobaki nyuma walikuwa asilimia 39, na katika ule wa 1986 walikuwa chini ya kumi katika kila mia.

Mama yangu alikuwa mmoja wa walioingia ngumbaru katikati ya miaka ya sabini, nami nikiwa na umri wa miaka mitano au sita. Darasa lilikaa mchana, chini ya mti, baada ya kazi za shamba na kabla ya kuchota maji ya jioni. Mtoto asiyekuwa na wa kumwachia alikwenda naye. Hivyo ndivyo nilivyohudhuria darasa ambalo halikuwa langu, nikiwa nimeketi pembeni ya mguu wake, nikikitazama kitabu kutoka upande ambao si wake. Kwa muda mrefu niliweza kusoma maandishi yaliyopinduliwa vizuri kuliko yaliyosimama wima. Jioni, mama alipokuwa akisonga ugali, alinituma nimshikie kitabu karibu na moto, akisahau herufi ananiuliza. Nilimjibu. Katika nyumba yetu mtoto ndiye aliyekuwa akimsomea mzazi, na wala hakuna aliyeona kwamba mambo yamekwenda kinyume.

Kitabu kile, kama ninavyokikumbuka, kilikuwa cha pamba. Na hapa ndipo lilipo jibu la swali la barazani. Mkulima wa kwetu hutenga pamba mafungu mawili kabla ya kuipeleka mnadani: pamba safi, iliyo nyeupe na haina taka, na pamba fifi, iliyochafuka au kuliwa na wadudu. Bei zake si sawa. Safi na fifi: silabi mbili mbili, kina kimoja. Nilijifunza maneno hayo mawili kabla ya kujua jina langu linaandikwaje. Na chombo kilichokuwa kikipima pamba hiyo katika chama cha msingi kiliitwa mizani, neno lilelile ambalo washairi wa pwani wamelitumia tangu enzi kwa hesabu ya silabi. Nilipokutana baadaye, nikiwa kijana niliyemaliza darasa la saba tu, na kitabu kinachoeleza kwamba shairi huwa na vina na mizani, sikuhitaji maelezo. Nilidhani kila mtu anajua mizani ni nini: ni kile kitu ambacho karani akikigusa kwa kidole, kilo zako hupungua.

Msinione natania. Kwa watu wa Usukuma na Kahama, kusoma namba kulikuwa suala la ugomvi kabla halijawa suala la shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa katika vituo vya kununulia, wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki mizani ya wafanyabiashara. Kutokana na vuguvugu hilo ndipo Paul Bomani na wenzake walipojenga ushirika mkubwa wa wakulima, Victoria Federation, mwaka 1955. Mpimaji yule alikuwa, kwa maoni yangu, mhakiki wa kwanza wa maandishi katika nchi yetu: mtu aliyesimama kando ya kinachoandikwa na kuuliza kama ni kweli. Babu yangu hakujua herufi hata moja, lakini sindano ya mizani aliisoma vizuri sana, na alikuwa akisema karani ana kalamu mbili, moja ya kitabuni na moja ya mfukoni. Sidhani nyumba iliyotoa kauli kama hiyo inaweza kuitwa nyumba isiyo na elimu ya kusoma.

Paulo Freire, Mbrazili ambaye fikra zake zilijadiliwa sana na waelimishaji wetu miaka ile, ameeleza jinsi alivyofundishwa kusoma na wazazi wake uani kwao Recife, chini ya miembe, ardhi ikiwa ubao na kijiti kikiwa chaki. Kutokana na kumbukumbu hiyo alishikilia kwamba mtu huanza kuusoma ulimwengu kabla ya kulisoma neno. Ninaikubali hoja hiyo, lakini kwa sharti. Ulimwengu wa mtoto hausomwi kwa macho tu. Husomwa kwa namna anavyoulizwa. Usiku nyumbani kwetu tulitegewa vitendawili kwa Kisukuma, na kitendawili ni sentensi inayokudai jibu. Tulijua majina ya ng'ombe kwa rangi na mabaka, tukiulizwa yupi hajarudi. Kitabu cha ngumbaru, kwa upande wake, hakikuuliza. Kilikuwa kitabu cha kauli ya amri: panda mapema, palilia, tenga, ng'oa masalia uyachome. Kama mhakiki, hilo ndilo kosa lake la kisanaa ninaloweza kulitaja bila kusita. Mama alikwenda mchana kuamrishwa na maandishi, na usiku akarudi kuuliza kwa mdomo. Mimi nilikaa katikati ya nafsi hizo mbili za sarufi, na ninaamini kila shairi langu lenye uhai limetoka upande wa usiku, ingawa mkono ulioliandika ulifunzwa mchana.

Mtaalamu wa Marekani, Deborah Brandt, aliandika mwaka 1998 kuhusu wale aliowaita wadhamini wa kusoma na kuandika: watu na taasisi wanaompa mtu elimu hiyo, au kumnyima, na ambao daima wao wenyewe hunufaika kwa namna fulani. Hakuna anayefunzwa herufi bure. Mdhamini wa mama yangu alikuwa dola changa iliyohitaji pamba, kwa kuwa pamba ilileta fedha za kigeni. Sioni aibu kulisema hilo, wala silisemi kwa kuchongea. Wamisionari walitaka Wakristo, chuo cha pwani kilitaka mtoto ahitimu msahafu, na Serikali ilitaka marobota. Swali la haki ni hili: mdhamini alichukua nini badala yake?

Alichukua lugha. Herufi na Kiswahili vilifika kwetu siku moja, katika kitabu kimoja, hata nikiwa mtoto nilidhani kwamba Kisukuma hakiandikiki, kama vile moshi haufungwi kamba. Mama hakuwahi kuliona neno *mayu*, ambalo ndilo tulilomwita, likiwa limechapwa. Mimi ni mshairi wa Kiswahili na mfasiri wa kuingiza maandishi katika Kiswahili. Nimekula matunda ya mti huo na bado nayala. Kwa hiyo nisijifanye mtakatifu. Lakini hasara ni hasara hata kwa aliyenufaika nayo.

Ushahidi wa hasara hiyo, na wa ukaidi dhidi yake, uko katika kisiwa kingine ambacho wasomaji wa jarida hili la visiwani hawakitaji mara kwa mara, kwa kuwa kimezungukwa na maji yasiyo ya chumvi. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Wamisionari walimsomesha hadi akajua Kilatini na lugha kadhaa za Ulaya. Hapo mdhamini alikuwa Kanisa, na malipo yangekuwa kijana aache ya kwao. Yeye akafanya kinyume. Akitiwa moyo na padri mmoja Mkanada, Almas Simard, alikamilisha mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, wanandoa wanaosakamwa na jamaa kwa kukosa mtoto. Hakupata mchapishaji. Miaka ikapita, Simard akafariki, mswada ukabaki. Katika miaka ya sitini, watafiti wawili Wamarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walimkuta kisiwani na kumsaidia kutafuta njia, na njia pekee iliyoonekana ilikuwa Kiswahili. Mzee akaifasiri kazi yake mwenyewe. Ilitoka Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baada ya kukamilika, na Kitereza akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Huielezwa habari hii kama kisa cha kusikitisha cha uchapishaji. Mimi naisoma kama kisa cha malezi. Kitereza alifunzwa kuandika na watu wa seminari, lakini cha kuandika alikipata kwa wazee wa ukoo wake: taratibu za posa, dawa, pombe, maamkizi ya mkwe na mkwewe, kila jambo likitajwa polepole kana kwamba msomaji ni mgeni aliyekaribishwa na hana haraka. Wahakiki wamelalamika kwamba riwaya ina maelezo kupita kiasi na haiendi. Ni kweli haiendi upesi. Lakini mtindo huo si udhaifu wa mtu asiyejua riwaya. Ni sauti ya mtu mzima anayemweleza mtoto akimtazama usoni kuona kama ameelewa. Yeye na mkewe, Anna Katura, hawakubakiwa na mtoto wa kumweleza. Kitabu kilipata kazi ambayo nyumba haikuipata.

Nimesema maji yalipanda mlima, lakini kuna kilima ambacho hayakufika. Mwezi Februari 2007 mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ulio kando ya mji wetu wa Kahama, ulitiwa saini London. Mwezi Agosti mbunge Zitto Kabwe aliuhoji Bungeni, akasimamishwa. Mwezi Novemba Rais Kikwete aliunda kamati ya kuchunguza sekta nzima ya madini, iliyoongozwa na Jaji Mark Bomani, nduguye yule Paul wa ushirika wa pamba, nayo ikatoa ripoti mwaka 2008. Uzalishaji ulianza 2009, na mwaka 2021 mgodi ukafika mwisho wake. Siku zile za mwaka 2007, neno mkataba lilikuwa midomoni mwa kila mtu Kahama, mpaka watoto walilitumia katika michezo yao. Nilikuwa nakaa na wazee waliohitimu ngumbaru, wenye vyeti vyao, wakisikiliza redio. Mmoja aliniuliza kama ningeweza kuupata huo mkataba nikawafasirie. Nilimjibu kwamba umeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba hata wabunge walikuwa wakidai kuuona. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi huu hauna sindano."

Sijapata kusikia uhakiki mfupi na wa haki kuliko huo. Mizani ilikuwa na sindano, na asiyejua herufi aliweza kusimama mbele yake akabisha. Kizazi cha mama yangu kilipewa kusoma kwa kiwango cha pamba, kikakutana na maandishi ya dhahabu. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Kama mfasiri nimefurahi, na kama mfasiri najua kazi iliyobaki.

Siku hizi lawama zimeelekezwa kwa wazazi. Tangu tathmini za Uwezo za mwaka 2010 zilipoonyesha kwamba watoto wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili ni takriban watatu tu katika kila kumi, tumesikia mara nyingi kwamba jamii yetu haina utamaduni wa kusoma. Shirley Brice Heath, katika utafiti wake wa mwaka 1983 kuhusu jamii mbili za wafanyakazi huko Carolina, Marekani, alionyesha kwamba kila nyumba ina namna yake ya kumkuza mtoto katika maneno, na kwamba mara nyingi shule hutambua namna moja tu, ile inayofanana nayo. Hilo lingetosha kuwatetea wazazi wa Kahama, nami nilitaka kuishia hapo.

Lakini ukweli una upande wa pili, na upande huo uko nyumbani kwangu. Mimi niliyeshika kitabu cha mama karibu na moto, nilipopata vitabu vyangu nilivifungia kabatini. Nilivinunua kwa shida, kimoja kimoja, vingine vimekwishatumika, na niliogopa mikono ya watoto. Ufunguo niliuvaa shingoni. Wanangu walikua katika nyumba yenye vitabu vingi kuliko nyumba yoyote mtaani, wala hakuna aliyewasomea, kwa sababu baba alikuwa akiandika. Wawili kati yao hawasomi kitu ila ujumbe wa simu. Bibi yao, aliyeishia hatua ya tatu katika mtihani wa ngumbaru, aliwategea vitendawili. Mimi niliwaambia wanyamaze. Rafiki yangu wa barazani akitaka kujua nyumba isiyoshusha maji inafananaje, na aje kwangu.

Mama yu hai. Macho yamepungua nguvu, na kitabu cha pamba kililiwa na mchwa zamani. Mwaka jana nilimsomea Kitereza, kurasa chache kila jioni, nikiugeuza Kiswahili kuwa Kisukuma papo hapo. Tulipofika pale Bugonoka anaporudishwa kwao na wazazi wake, na Myombekere anakwenda kumwomba, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, alinizuia kwa mkono.

"Huyu aliyeandika," alisema, "hayo hakuyasoma mahali. Aliambiwa."

Nikamwambia ni kweli. Akafikiri, akauliza ni pombe kiasi gani. Nikamtajia. Akatikisa kichwa.

"Wakerewe wapole," alisema. "Sisi tungedai ng'ombe. Endelea."